Paja la Nguruwe la Mazishini

Haki ya Mungu, hili ni la kweli tupu, si kama yale mengine niliyowahi kuwasimulia.

Hapa kwetu milimani Toraja, anayerusha droni kwa kujifurahisha hadaiwi kibali, anayelipwa hudaiwa. Nilikuwa nikilipiga picha kwa droni yangu jeneza likipandishwa kwenye kaburi la mwambani, askari akanishika bega.

"Mzee, umelipwa wewe?"

"Nilipwe nini, afande? Najifurahisha tu."

Ludia, mjane wa marehemu, akageuka, machozi kidevuni.

"Unajifurahisha? Na maiti ya mume wangu?" Akamtazama askari. "Nimemlipa paja la nguruwe. Mume wangu hazikwi kwa hisani ya mtu!"

Damu ya paja hilo ilikuwa ikidondoka kutoka kwenye mfuko niliouning'iniza begani, juu ya kiatu cha askari.

Nikaishusha droni, nikalipa faini. Jeneza lilikuwa bado halijafika juu.