Sigara Ndani ya Pindo

Fundi cherehani alizipenyeza sigara ndani ya pindo la suruali, akalishona kwa mshono mlegevu wa kufumuka kwa ukucha. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake kila Jumapili, tangu kaka yake mkubwa afanyiwe upasuaji wa saratani ya utumbo. Kaka alizidi kukonda, suruali zikazidi kumpwaya, na kisingizio cha kuzipunguza hakikwisha.

Kabla ya ugonjwa, ndugu hawa waliishi mji mmoja lakini walikutana misibani tu. Fundi hakujua kukaa na mgonjwa mikono mitupu.

"Ya kuondoa mawazo," alinong'ona mara ya kwanza. "Shemeji asijue."

Kaka aliitazama sigara kitambo, akaipokea. "Nitavuta baadaye. Kaa basi, mbona unakimbia?"

Wakapiga soga mpaka chai ikapoa. Ikawa desturi.

Leo walikuwa watatu mbele ya daktari: kaka, mkewe na fundi.

"Namba ya saratani kwenye damu imepanda," daktari alisema. "Lakini kipimo hiki si msahafu. Saratani ikirudi, namba hupanda. Ini likisumbua, hupanda. Hata sigara huipandisha kidogo, kama hivi. Mzee, unavuta?"

"Aliacha siku ya upasuaji," mkewe alidakia. "Moshi nyumbani kwangu? Pua hii ingeshapiga king'ora."

"Basi sigara tunaiondoa. Itabidi tuitafute saratani."

Fundi alimtazama shemeji yake. Miezi yote hiyo shemeji alimpakulia chakula mpaka sahani ikajaa, naye akamlipa fadhila za punda. Usiku alijiita muuaji. Sasa, kwa mara ya kwanza, kosa lake lilikuwa na faida: kama ni sigara, kaka ni mzima. Hakuwahi kufurahi hivyo kuwa mkosaji.

"Ni mimi!" alisema, akasimama bila kujua. "Mimi ndiye ninayempelekea sigara, daktari. Nazificha kwenye suruali. Shemeji, nitukane utakavyo, ni haki yako. Lakini saratani haijarudi. Ni mimi tu!"

Shemeji alimkodolea macho. Kisha akamgeukia mumewe, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba.

"Ni kweli, mume wangu? Sema ni kweli. Sitagomba."

Kaka aliuvuta mkono wa mdogo wake, akamketisha karibu naye.

"Sikuvuta hata moja," alisema taratibu. "Nilikuwa nampa mlinzi wa jirani. Niliogopa nikizikataa, hutakuja tena."