Kupe Aliyemtetea Muumba

Mnamo tarehe 9 Machi 1957, Shukuru bin Kupe, aliyekuwa amenona nyuma ya sikio la Maksai, alithibitisha kwamba Mungu yupo na ni mwema.

"Damu ipo, nami nimepewa kinywa cha kuinyonya. Nani aliyepanga haya kama si Yeye?"

"Na maumivu yangu, bwana, aliyapanga nani?" aliuliza Maksai.

"Hayo ni mtihani, ndugu yangu. Vumilia."

Papo hapo ndege mla kupe akatua na kumbana Shukuru kwa mdomo.

"Ee Mola, nimekosa nini?" alilia Shukuru.

"Vumilia," alijibu Maksai.

Kasuku mmoja aliyekuwa akitazama kutoka mtini husimulia kwamba tangu siku hiyo Maksai alipona. Si kweli. Ndege alimmeza Shukuru, akamhimidi Mungu, kisha akaanza kunywa damu katika kidonda kile kile alichokiacha Shukuru.