Mabawa ya Chatu

"Hafla ya Uzinduzi Rasmi wa Gamba Jipya la Mheshimiwa Chatu, Toleo la Mwaka Huu" ilifunguliwa na katibu Korongo kwa hotuba ndefu kuliko shingo yake. Kakakuona hakusikia neno. Mwaka mzima aliwaahidi wanawe kwamba safari hii gamba litakuja na mabawa, nao walikuwa wakimngoja nyumbani.

Chatu akajivua, akang'aa.

"Mabawa yako wapi, mzee?" Kakakuona akauliza.

"Hamna, mwanangu."

"Ni lile lile la mwaka jana!" Ngedere akazomea.

Chatu akageuka, akautazama mgongo wake polepole.

"Hata mimi kila mwaka nikitoka hutazama hapa kwanza," akasema.

Kakakuona akarudi nyumbani, akawaambia wanawe ukweli: nyoka alijivua gamba, akatoka nyoka.