Nakala ya Ramadhani

"Bata wako waninyee kibaraza mwezi mzima, leo ndio unanitaka nikufae?" Bi Sikudhani alimfokea jirani yake Shomvi, aliyefungiwa nje ya nyumba yake mwenyewe.

Milango ya mtaa hufunguka kwa wale tu ambao majina yao yamo kwenye seva ya ofisi ya mtaa. Seva ilipoungua, fundi Tumsifu alirudisha mtandao kwa nakala ya Ramadhani, yaani orodha iliyohifadhiwa mwezi huo, watu wakaingia makwao kwa vigelegele. Lakini Shomvi alihamia baada ya Idi, jina lake halikuwemo.

"Jirani mmoja athibitishe kwamba anaishi hapa," alisema fundi. "La sivyo, saa kumi nyumba inapewa mwingine."

Shomvi akainama. Bi Sikudhani akasonya.

"Andika, mwanangu. Aliingia Jumanne baada ya Idi, na godoro la bluu, feni mbovu na bata sita. Nilikuwa dirishani."

"Kutwa nzima, bibi?" aliuliza Shomvi.

"Shukuru, wewe!"

Mlango ukafunguka. Shomvi akacheka huku machozi yakimtoka. Bi Sikudhani naye akacheka, ila moyoni akawaza: kumbe angenyamaza tu, mtu mzima angefutika.

"Huo mlango hautakimbia tena," alisema. "Njoo kwangu kwanza, wali ushaiva."