Mzizi wa Msata

Wageni walikuwa bado wanakunywa madafu barazani, na Mzee Mwinyijuma alikuwa amechuchumaa nyuma ya jiko la uani, anang'oa magugu na kuyashindilia kwenye kiroba. Hakuchagua. Alichukua yaliyokuwa karibu na mkono, yale majani mapana yenye vinyweleo yanayojiotea penye maji ya kuoshea vyombo.

"Hayo ya nini tena?" Bi Ashatu, mkewe, alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Shii! Wametaka dawa, nawapa dawa."

Bi Ashatu alikichungulia kiroba. "Usiyamalize basi," alisema, akarudi kwenye sufuria yake.

"Magugu nayo yanaisha?" Mzee alicheka chini kwa chini.

Usimlaumu. Dawa yake ya vidonda vya tumbo ilijulikana kuanzia Makurunge hadi Dar es Salaam. Watu walikuja wamejikunja na matumbo yao, baada ya muda wakawa wanadai pilau na achari ya pilipili. Ilikuwa ni mzizi, mmoja tu, alioachiwa na baba yake aliyeachiwa na baba yake, na hakuna binadamu mwingine aliyeujua mti wake. Kila ukikaribia kwisha alipanda basi hadi Msata, akaingia porini peke yake, akarudi na gunia. Kuchemsha alimwachia mkewe, maana mambo ya moshi na masufuria hayakumfaa mganga wa hadhi yake. Leo waje watu wa chuo na gari lao la kiyoyozi, waseme "tunaomba sampuli kidogo tu, mzee", naye awape? Kesho si angeukuta kwenye vichupa madukani, una jina la mtu mwingine!

Kiroba alimkabidhi mtafiti, binti mmoja mpole aitwaye Sabiha.

"Shika, mwanangu. Hiyo ndiyo siri ya wazee wangu. Itunze."

Sabiha alikipokea kwa mikono miwili na kichwa akainamisha. Mzee kidogo amwonee huruma. Gari lilipoondoka alicheka mpaka akapaliwa na chai.

Kicheko kilimkauka mvua za vuli zilipoanza, Sabiha aliporudi mbio mbio na matope miguuni.

"Shikamoo, babu! Babu, dawa yako ni kiboko!"

"Marahaba. Dawa ipi?"

"Uliyonipa!" Walikuwa wameitia kwenye vijidudu vinavyoleta vidonda vya tumbo, vikafa vyote. Wakarudia, vikafa tena. Profesa wake alikuwa amekwenda kuyahubiri majani hayo kwenye mkutano Nairobi, na picha ya Mzee Mwinyijuma ilioneshwa ukutani, kubwa kama mlango.

Mtu mwingine angeshukuru Mungu na kufunga mdomo wake. Mwinyijuma alikosa raha. Kila alipopewa hongera msikitini, alijiona kama mtu anayepongezwa kwa harusi ya jirani. Roho ilimuuma kwa ajili ya babu yake. Kama takataka za uani zimefika Nairobi, mzizi wenyewe ungefika wapi? Dunia inayapigia makofi magugu, na dawa ya kweli imelala guniani! Hilo halikumshuka kooni.

Mwisho akavunja mwiko wa ukoo. Alioga, akavaa kanzu ya Idi, akachagua mzizi mnene kuliko yote, akapanda basi hadi chuoni.

"Nilikudanganya, mwanangu," alimwambia Sabiha. "Yale yalikuwa magugu. Niliogopa kuibiwa. Dawa ni hii. Ipime, uone maajabu."

Sabiha alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akaupokea.

Majibu aliyaleta mwenyewe, na safari hii hakuwa anacheka. Alikaa mkekani karibu na Bi Ashatu, aliyekuwa anapepeta mchele, akauliza habari za afya, za shamba, za wajukuu. Akaishiwa na habari za kuuliza.

"Babu, mzizi hauna kitu."

"Hauna kitu vipi?"

"Vijidudu vinaogelea humo na kuzaana. Tumepima, tumerudia, tukawapa na wenzetu wa maabara nyingine. Ni kama kuchemsha mguu wa meza."

"Muongo wewe!" Mzee alisimama. Alimwona baba yake, akamwona babu yake, wote wanageuzwa matapeli mbele ya mtoto huyu. "Wagonjwa wangu wanapona!"

"Ndicho kinachotutesa, babu. Wanapona kweli. Hospitali waliwaingiza kamera tumboni kabla hawajaja kwako na baada ya kutoka. Vidonda hakuna. Sasa kama si mzizi, wanaponywa na nini?"

Mwinyijuma alimgeukia mtu pekee aliyebaki upande wake.

"Mama Mrisho, mwambie! Wewe ndiye unayechemsha miaka yote. Mwambie huyu jinsi mzizi wangu unavyofanya kazi!"

Bi Ashatu aliweka ungo chini, akapangusa mikono kwenye kanga.

"Unafanya kazi sana, Baba Mrisho," alisema kwa upole. "Watu walikuwa wanaunywa na kurudi wanalia vile vile, nikaona nisikuvunje moyo, nikawa nawachemshia yale majani ya nyuma ya jiko. Lakini mzizi wako sijautupa hata mmoja. Ni mkavu, hauna moshi. Ndio kuni zangu."