Mwaliko wa Nungunungu

Katika darasa la Mwalimu Korongo, kila mwanafunzi alimpa jirani yake kazi aisome kabla ya kuibandika ukutani. Nungunungu peke yake alikataa. Siku alipoandika barua ya kuwaalika wenzake nyumbani kwake, jirani yake Kwale, ndege mwenye maswali mengi, alinyoosha shingo.

"Lete niisome, mwenzangu."

"Yangu haina kasoro," alisema Nungunungu, akaifunika kwa miiba mpaka alipoibandika ukutani.

Jumamosi, siku ya mwaliko, alichemsha mihogo sufuria nzima, akatandika mikeka sita, akakaa mlangoni mpaka mihogo ikapoa. Hakuja mtu.

"Kumbe hawanipendi," alijiambia, akaikunja mikeka yote sita.

Jumatatu aliwakuta wenzake wamenuna.

"Tulizunguka msitu mzima na zawadi kichwani," alisema Kwale. "Umeandika siku, umeandika saa, hata mihogo umeitaja. Kwako ni wapi?"

Nungunungu hakuwahi kutembelewa, kwa hiyo hakuwahi kuelekeza mtu. Alichukua karatasi mpya, akaandika kwamba anakaa karibu na mto, akamsogezea Kwale kabla wino haujakauka.

"Mto upi?" aliuliza Kwale.

Nungunungu akalaza miiba yake, akampisha akae naye kwenye benchi.