Muhanga Aliyemtafuta wa Kwanza

Nguchiro na Nungunungu waligombea shimo moja la kichuguuni mpaka kila mmoja akazika baadhi ya wanawe. Walipochoka kuumana, wakamwita Muhanga, mchimbaji aliyesifika kwa kusoma ya kale ardhini, awaambie nani alitangulia kukaa humo.

Muhanga akachimba, akatoa miiba mikuukuu.

“Hapo hapo, Mwalimu!” Nungunungu akadakia. “Habari yetu inaanzia hapo.”

“Haianzii hapo!” akafoka Nguchiro. “Shuka chini!”

Chini yake yakatoka manyoya ya nguchiro. Sasa Nguchiro akataka kazi ikome, na Nungunungu akasema bado kabisa.

Moyo wa Muhanga ukawa mzito. Aliona kwamba popote atakapoacha kuchimba, kucha zake ndizo zitakazokuwa zimehukumu. Akaamua afike mwisho kabisa, asimwonee mtu. Akainamisha kichwa, akachimba, akirusha udongo nyuma bila kugeuka, huku juu wazazi wakitukanana.

Mwishowe akagonga mwamba mtupu. Hapakuwa na unyoya wala mwiba. Akapanda kuwapa habari hiyo, akawakuta wameacha kutukanana, wakiukodolea macho udongo alioutupa. Mwana wa Nguchiro na mwana wa Nungunungu, waliokuwa wamejipenyeza nyuma yake kutazama, walikuwa wamefukiwa wote wawili na udongo huo.

Wazazi wakafukua, wakawatoa wakiwa baridi, wakalia kwa sauti moja. Muhanga akadhani yamekwisha.

Nguchiro akafuta machozi, akamgeukia.

“Mwalimu, udongo ni wako. Tuambie ukweli,” akasema. “Nani alifukiwa kwanza?”